Kompresheni ikishuka kwenye mashine ya boti: ihoji geji kabla ya kufungua hedi

Mashine ya boti haipotezi kompresheni, yaani msukumo wa hewa inayogandamizwa na pistoni ndani ya silinda, kwa siku moja. Kwanza kamba ya kuwashia inakuwa nyepesi mkononi, na nahodha anafurahi akidhani mashine imelainika. Wiki kadhaa baadaye asubuhi inataka mivuto kumi mahali pa miwili, boti ya faiba iliyokuwa ikipanda juu ya maji na watu sita na sanduku la barafu sasa inaburuta matako, na dumu la mafuta linaisha kabla ya kufika mwambani. Hapo ndipo plagi zinabadilishwa, kabureta inafumuliwa, koili inanunuliwa, na mashine inabaki vilevile. Geji ya kompresheni ingetoa jibu kwa dakika kumi. Shida ni kwamba geji hiyohiyo, ikitumiwa vibaya, itakufanya ufungue hedi (kifuniko cha silinda) ya mashine isiyo na ugonjwa wowote.

Maelezo haya yanaihusu zaidi tustroki ya kuvuta kamba, ile ya mipigo miwili inayochanganyiwa oili kwenye petroli, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye madiko ya pwani na mialo ya maziwa. Mfano mzuri ni Yamaha Enduro ya farasi 40: silinda mbili zilizolala, moja juu ya nyingine, kipenyo mm 80, mwendo wa pistoni mm 70, jumla cc 703. Vipimo vilivyotajwa hapa ni vya mashine ya ukubwa huo. Ya farasi 15 au 75 ina vyake, na kitabu chake ndicho cha kufuatwa.

Namba na mahali

Tustroki nzima ya aina hii, ikipimwa pwani, husoma kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 100 na 130. Chini ya 90 kuwasha kwa mkono kunaanza kuwa kazi, na silinda ikifika 70 au 60 hiyo ni abiria, inabebwa na mwenzake. Lakini kabla ya kutazama ukubwa wa namba, tazama tofauti. Mashine yenye 104 na 106 ni mzee anayetembea vizuri. Yenye 124 na 101 ina jeraha, hata kama namba zote mbili ziko ndani ya kiwango. Tofauti ikizidi asilimia 10 hivi, au psi 15, kuna kitu cha kutafuta.

Halafu uliza mashine iko wapi. Geji inasoma kile kinachozidi hewa ya nje, na hewa ya Mwanza si ya Tanga. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa kule ni nyepesi kwa asilimia 12 au 13. Mashine inayosoma 120 Tanga, ukiipakia kwenye lori na kuipima Mwanza bila kuigusa hata boliti moja, itasoma 105 hivi. Kigoma, ambako Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770, itasoma 110 kasoro. Hakuna ringi, pete ya pistoni inayozuia pumzi, iliyokufa njiani. Fundi aliyehamia ziwani na namba zake za pwani kichwani atafungua mashine nyingi bure, na mnunuzi wa pwani aliyeletewa mashine kutoka Kisumu yenye 105 asiikatae kabla ya kuipima upya ikiwa chini.

Jambo jingine la kuuliza ni mafuta ambayo mashine iliundiwa. Zipo zilizotengenezwa kwa mafuta ya taa, na hizo zina kompresheni ndogo tangu kiwandani. Kwa nje, ukiwa umezoea kutazama rangi ya kava tu, utaziona ndugu mapacha na zile za petroli. Soma kibati cha modeli kwenye bano kabla ya kusema iko chini.

Kupima

Mashine ipimwe ikiwa na moto. Iwashe dakika tano mpaka kumi ikiwa majini au kwenye pipa la maji, kisha zima. Isipowaka kabisa, pima baridi na uandike kwamba ulipima baridi. Usiiwashe nchi kavu hata kwa nusu dakika "ipate moto kidogo". Impela ya raba, feni ya pampu ya maji ya kupoza, inategemea maji kulainika, na ikizunguka kavu utakuwa umetengeneza ugonjwa wa pili.

Kabla ya kufungua plagi, puliza au piga brashi kuzunguka shingo zake. Pale pana chumvi iliyoganda na mchanga wa ufukweni, na vyote vinasubiri tundu lifunguke. Fungua plagi zote mbili, si moja moja, ili mashine izunguke bila mzigo. Ziweke juu ya kitambaa kwa mpangilio wake, ya juu juu, ya chini chini, maana utakuja kuzisoma.

Moto wa plagi lazima ukatwe. Chomoa klipu ya ile kamba nyekundu ya usalama inayofungwa mkononi, kisha zipe kofia za plagi ardhi kwenye bloku, yaani umeme wake uguse chuma. Sababu ni mbili. Tundu la plagi lililo wazi linatema mvuke wa petroli kila unapovuta kamba, na cheche ikiruka hapo moto unawaka usoni kwako. Pia umeme wa CDI, kifaa kinachozalisha cheche za plagi, ukikosa pa kwenda hutafuta njia yake ndani ya koili, na koili ikishapasuka utahangaika nayo wiki nzima ukidhani ni kompresheni. Chomoa na bomba la mafuta.

Sasa hatua inayosahauliwa kuliko zote: fungua hewa. Tustroki inavuta hewa kupitia kabureta, na kabureta ikiwa imefungwa pistoni inagandamiza karibu utupu. Mashine inayosoma 115 kabureta ikiwa wazi inaweza kushuka psi 20 au zaidi ikifungwa. Kuna mtego hapa pia. Mashine nyingi za mkono haziruhusu kuzungusha mpini mpaka mwisho gia ikiwa katikati, zina kizuizi. Kwa hiyo mpini unaweza kukuambia umefungua yote, kumbe kipepeo cha kabureta kiko robo. Toa kifuniko cha hewa, tazama kwa macho, kishikilie kipepeo wazi kwa kidole au kipande cha waya. Choki nayo iwe imerudishwa.

Funga geji kwa mkono mpaka raba yake ikae vizuri. Plagi za mashine hizi ni za uzi wa mm 14, na shingo yake ni fupi, mm 12.7. Geji nyingi zinazouzwa mjini zinakuja na pua ya magari yenye urefu wa mm 19. Pua hiyo inaingia na inajifunga bila kulalamika, lakini ncha yake inabaki imejitokeza ndani ya chumba cha mwako. Kabla ya kugusa kamba, zungusha flaiwili (gurudumu zito la juu ya mashine) kwa mkono mzunguko mzima taratibu. Ikigonga kitu, badilisha pua.

Mvutaji awe mmoja kwa silinda zote. Mivuto mitano au sita ya nguvu sawa, mpaka mshale usipande tena. Andika mvuto wa kwanza umefika wapi na wa mwisho umefika wapi, toa hewa, rudia mara ya pili. Namba za mara mbili zikipishana zaidi ya psi 5, kosa liko mikononi mwenu, halijafika kwenye mashine.

Geji inapodanganya

Silinda zote mbili zikisoma chini kwa kiasi kilekile, mshukiwa wa kwanza ni geji. Ndani ya pua yake kuna vali ndogo inayofanana kabisa na ile ya tairi, lakini springi yake ni laini zaidi. Ikiharibika, wengi wanachomoa ya tairi na kuweka. Geji inafanya kazi, haivuji, na kuanzia siku hiyo inasoma chini kwa kila mashine, kwa sababu springi ngumu ya tairi inataka msukumo wa ziada kabla ya kufunguka. Vilevile, kama vali haiko kwenye pua bali iko juu karibu na saa, mpira wote wa geji unakuwa sehemu ya chumba cha mwako. Kwenye injini ya lori haionekani. Kwenye silinda ya cc 350 mpira wa nusu mita unakula namba.

Zile geji zenye pua ya raba za kusukuma kwa mkono zinatosha kukuambia kama silinda imekufa au ni hai. Kwa kulinganisha 108 na 95 hazifai, maana mkono unaosukuma hauwezi kusukuma sawa mara mbili. Dawa rahisi ya mashaka yote haya ni kuwa na mashine moja unayoijua, inayofanya kazi vizuri kila siku, na kuipima kwa geji yako kila baada ya miezi michache. Siku ikisoma tofauti, unajua nani wa kulaumiwa.

Na kinyume chake kipo: mashine inaweza kusoma 120 na 118, safi, na bado isiwake. Tustroki ina kompresheni mbili. Ile ya juu ya pistoni ndiyo inayopimwa. Ile ya chini, ndani ya kreniki (chumba cha shafti inayosukuma pistoni), ndiyo inayosukuma hewa na mafuta kupanda juu, na geji ya kwenye tundu la plagi haiioni. Sili ya kreniki ikichoka au kibati cha vali za kabureta kikivunjika ncha, utavuta kamba mpaka jua lizame.

Pumzi inatokea wapi

Mshale wenyewe unaanza kusimulia ukiutazama ukipanda. Silinda nzima inaruka mbali kwa mvuto wa kwanza, 70 au 80, halafu inamalizia kwa mitatu minne. Yenye ringi zilizochoka inaanza chini, 35 au 40, na kupanda kidogokidogo kila mvuto. Yenye gasketi ya hedi (kizibo chembamba kati ya hedi na bloku) iliyotoboka au pistoni iliyotoboka inaanza chini na kukwama hapohapo, uvute utakavyo. Hili halina uhakika wa mahakama, ila linakuelekeza pa kuanzia.

Kipimo cha oili kila mtu anakijua: kijiko cha chai kimoja, ml 5, ndani ya silinda, pima tena, ikipanda ni ringi. Kwenye gari ni kweli. Kwenye mashine ya boti silinda zimelala ubavu, na oili unayomimina inakaa chini kama maji kwenye mtumbwi, upande wa juu wa ringi unabaki mkavu. Inua mashine ili matundu ya plagi yaangalie juu, mimina, zungusha flaiwili kwa mkono mara tano au sita isambae, ndipo upime. Kabla ya kuinua, iache mashine imesimama wima mpaka maji yote yatoke mguuni, la sivyo maji ya ekzosi yatateremka kuelekea kwenye silinda. Na usizidishe oili. Chumba cha mwako ni kidogo, na oili ikiwa nyingi inajaza nafasi yenyewe, mshale unapanda hata kama ringi zimeisha kabisa.

Kipimo cha hewa ni bora zaidi, na hakihitaji karakana kubwa. Chukua plagi mbovu, vunja kaure yake, toa uchafu wote wa ndani, chomea vali ya tairi mahali pake kwa shaba. Mpeleke fundi pancha mwenye kompresa, au mlete. Weka pistoni juu kabisa, ambapo matundu yote yamefunikwa, ingiza gia ya mbele na uzuie propela kwa ubao. Toa mikono na kamba kwenye flaiwili kabla ya kufungulia hewa: psi 30 juu ya pistoni ya mm 80 ni nguvu ya zaidi ya kilo 100, na pistoni ikiwa imepita juu kidogo tu, flaiwili inachapa.

Halafu sikiliza. Hewa ikipumua kwenye tundu la plagi la silinda ya pili, gasketi imetoboka katikati ya silinda. Bubujiko la mapovu kwenye kifuniko cha tamostati (vali ya joto ya maji ya kupoza), au hewa ikitoka kwenye kitundu mashine inapokojolea maji ya kupoza, ni gasketi au hedi imepasuka kuelekea njia ya maji. Pumzi ndani ya kreniki au kwenye kitovu cha propela ni ringi, pistoni au ukuta wa silinda. Silinda yoyote itavuja kidogo kupitia nafasi za ncha za ringi. Linganisha sauti ya mbovu na ya nzima, usitafute ukimya.

Kama imeonyesha ringi, kuna dirisha ambalo wengi hawalitumii. Tustroki ina kifuniko cha ekzosi ubavuni mwa bloku. Kikitoka, unaona pistoni na ringi kwa macho kupitia tundu la moshi, bila kugusa hedi. Zungusha flaiwili mpaka ringi ya juu ikae katikati ya tundu, isukume taratibu kwa kijiti cha mti, kisicho na ncha. Ringi hai inabonyea na kurudi, kama ufizi wa mtoto. Iliyoganda kwenye masizi haisogei. Tazama na ukuta wa pistoni: ukiwa unang'aa kwa mistari laini ya kusimama, ni kuchakaa. Ukiona mabaka ya kijivu yaliyopakwa juu ya ringi, hiyo ni aluminiamu iliyoyeyuka, pistoni ilishanoki, yaani ilikwama kwa joto, na kuachia. Kabla ya kazi hii hakikisha gasketi mpya za kifuniko zipo, na boliti zipashe moto kwanza. Boliti za ekzosi zilizokaa miaka kwenye chumvi hukatika, na kutoa iliyokatika ni kazi kubwa kuliko kutoa hedi.

Plagi ulizoziweka kwenye kitambaa nazo zisome sasa. Nyeusi yenye unyevu wa oili kwenye silinda yenye namba ndogo, ni mwako hafifu. Nyeupe kama jivu, imeungua kwa ukavu. Yenye vinukta vya rangi ya fedha, pistoni inayeyuka, usiwashe tena. Safi kama imeoshwa, maji yanaingia, na gasketi ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Ringi zikiwa zimeganda tu, bila mikwaruzo, usifungue. Inua mashine, weka pistoni zote mbili katikati ya mwendo, mimina ml 20 hivi za dawa ya kusafishia kabureta au mafuta ya kulegeza kutu kila silinda, acha usiku kucha. Asubuhi funika matundu ya plagi kwa kitambaa na uvute kamba mara nyingi ili kila kilichobaki kitoke. Ukirudisha plagi dawa ikiwa bado ndani, unaweza kupinda konektingi, mkono unaoshika pistoni. Washa ikiwa majini. Itafuka moshi mweupe mpaka majirani waulize, itachafua plagi, kwa hiyo tumia plagi za zamani kwanza. Tembea nusu saa kwa mwendo wa kati, pima tena. Mara nyingine inataka kurudiwa. Mashine iliyokuwa na 80 ikapanda hadi 105 kwa njia hii imekuokolea gharama ya ovaholi nzima.

Kilichoua ringi

Kubadilisha ringi bila kujua kilichoziua ni kununua seti nyingine ya kuua. Mchanganyiko wa oili ndio chanzo kikubwa. Baada ya kulainika, mashine hizi zinataka 50 kwa 1: ml 20 kwa kila lita, ml 400 kwa dumu la lita 20. Kinachotokea ufukweni ni kumimina kwa jicho kutoka kwenye chupa, na jicho la saa kumi usiku linaona tofauti na la mchana. Chupa ya maji ya nusu lita iliyokatwa na kuchorwa mstari kwenye ml 400 inamaliza ubishi. Oili iwe ya daraja la TC-W3, iliyotengenezwa kwa mashine za boti za tustroki. Ya pikipiki ya tustroki inaacha masizi yanayogandisha ringi, na oili ya injini ya gari haikuundwa kuungua kabisa. Kutia oili mara mbili "kwa usalama" kunazaa masizi vilevile. Na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inapiga mshindo kabla ya wakati, ukingo wa ringi kwenye pistoni unavunjika, ukifungua unakuta ringi imekatika vipande viwili.

Maji ya kupoza ndiyo ya pili. Mashine inayokojoa kidogo haijapona kwa sababu bado inakojoa. Mkojo unaonyesha maji yanafika kwenye kitundu, hauonyeshi yanazunguka silinda zote. Silinda ya juu ndiyo ya mwisho kupata maji, kwa hiyo silinda ya juu ikiwa na namba ndogo, anza na impela, kichujio cha chini kilichozibwa na mwani au mfuko wa plastiki, na chumvi iliyoganda kwenye koti la maji. Ya chini ikiwa ndiyo mgonjwa, uliza kama mashine iliwahi kuzama au kulazwa vibaya, maana maji yakiingia yanatulia chini na kutu inakula ukuta. Si sheria, ila inapatia mara nyingi. Tamostati isitupwe. Ya tustroki za Yamaha huanza kufunguka nyuzi 48 mpaka 52. Ichemshe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto utaona. Mashine iliyotolewa tamostati inafanya kazi baridi siku nzima, na masizi yanapenda baridi.

Ukifungua, pistoni itathibitisha. Mikwaruzo upande wa ekzosi peke yake inaelekeza kwenye oili kidogo au mchanganyiko mkavu, pengine jeti ya kabureta imeziba. Mikwaruzo kuzunguka kote ni kuchemsha.

Hedi yenyewe ilaze rula ya chuma juu yake na upitishe fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Mm 0.1 ikipita, imepinda. Iliyopinda kidogo inasawazishwa kwa msasa wa maji namba 400 mpaka 600 uliolazwa juu ya kioo kinene, ukiizungusha kwa umbo la nane mpaka uso wote uwe na rangi moja. Gasketi ya zamani hairudi, hata ikionekana nzima. Boliti zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni kwa msalaba, raundi ya kwanza nusu ya nguvu, ya pili nguvu yote ya kitabu, kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza.

Silinda ipimwe mahali pengi, juu, katikati, chini, na kwa pande mbili. Ikipishana zaidi ya mm 0.08 kati ya juu na chini, au 0.05 kati ya upande na upande, ringi mpya hazitaikomboa. Inakwenda kuchongwa na kupewa pistoni ya ovasaizi, iliyo kubwa kuliko ya awali kwa mm 0.25 au 0.50. Nunua pistoni kwanza, ndipo mchongaji achonge kwa kuifuata hiyo pistoni. Mwambie avunje ncha kali za matundu baada ya kuchonga, maana ringi ya tustroki inapita juu ya matundu kila mzunguko na ncha kali inaikamata. Ringi ichomeke peke yake ndani ya silinda upime nafasi ya ncha zake: kwa kipenyo cha mm 80, chini ya 0.3 ni ndogo mno. Kila ringi ina pini yake kwenye pistoni, na ncha zikae kwenye pini hiyo. Alama ya UP juu ya pistoni ielekee flaiwili. Klipu za pini ya pistoni ziwe mpya. Osha silinda kwa maji ya moto na sabuni, si petroli, kisha futa kwa kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke cheupe. Petroli inaacha unga wa kuchongea ndani ya vinyweleo vya chuma, na unga huo utasaga ringi mpya kabla hazijakaa.

Fostroki

Kwa fostroki, mashine ya mipigo minne yenye vali, mambo mawili tu yanatosha hapa. Nyingi za kuvuta kamba zina kifaa kwenye kamshafti kinachoachia vali kidogo ili kamba iwe nyepesi. Geji itasoma chini sana na mashine ni nzima. Namba ya kulinganisha ni ya kitabu peke yake. La pili, kabla ya kulaumu ringi pima nafasi za vali mashine ikiwa baridi. Kwenye nyingi ni karibu mm 0.20 kwa vali za kuingizia na 0.30 za kutolea, na vali iliyobana haikai kwenye kiti chake. Silinda zote zikishuka kwa pamoja, angalia kama mkanda wa taimingi umeruka jino.

Mashine iliyopewa ringi au pistoni mpya haitasoma namba yake ya kweli siku ya kwanza. Saa 10 za mwanzo itumie 25 kwa 1, yaani ml 800 kwa dumu la lita 20, bila kuifungulia yote muda mrefu, kisha ndipo upime. Andika kwa peni ya rangi ndani ya kava: tarehe, mahali, moto au baridi, mvuto wa kwanza na wa mwisho wa kila silinda. Kama ilipimwa Kirumba, kule Mwanza, andika Kirumba, ili atakayeipima Tanga asishangae.